Peugeot ya Mjomba na Hewa Nyepesi ya Mau

Injini isiyo na tabo ikipanda kutoka Mombasa hadi Olenguruone huwa imepoteza takriban robo ya nguvu zake kabla haijafika sokoni kwetu. Hilo halitokani na petroli mbaya wala uzee wa gari. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa msitu wa Mau, na hewa ya huku ni nyepesi. Kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa hupata oksijeni pungufu kuliko ambayo ingeipata pwani, na injini haiwezi kuunguza petroli zaidi ya ile inayotoshelezwa na hewa iliyomeza.

Watu wanaokuja kuitazama Peugeot 504 iliyo bandani kwangu huuliza kwanza ina nguvu farasi ngapi. Ni swali la haki. Gari lile limebeba injini ya Toyota ya silinda sita yenye tabo mbili, na mlio wake husikika mbali. Lakini namba iliyotolewa na kiwanda cha Japani ni ya injini iliyopimwa Japani. Karibu yote ninayoyajua kuhusu kujenga gari la kale lenye nguvu nyumbani niliyapata kwa kuuliza swali jingine: gari hili litaishi wapi, na litapita barabara gani?

Lilikuwa gari la mjomba wangu, kaka yake mama. Ni ile stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, ambayo enzi hizo ilikuwa teksi ya miji mingi ya Bonde la Ufa. Kabla ya Nissan za abiria kumi na wanne kuenea, aliyetaka kufika Nakuru mapema alikwenda stendi akauliza Peugeot. Mjomba alipiga njia ya Olenguruone, Keringet na Molo hadi Nakuru. Abiria walikaa mbele, katikati na nyuma, na magunia ya viazi na pareto yakafungwa juu ya keria. Mvua ikiharibu njia, wanaume walishuka kusukuma bila kuambiwa, na sikumbuki kumsikia hata mmoja akidai kupunguziwa nauli.

Mwaka 1992, vurugu zilipozuka Olenguruone na Molo, gari hilohilo lilibeba akina mama na watoto usiku kuwafikisha penye usalama, na mjomba hakumuuliza abiria yeyote anazungumza lugha gani nyumbani kwake. Sitasimulia zaidi ya hapo, kwa maana wengi wa waliobebwa wako hai na simulizi ni yao. Nasema tu kwamba eneo letu lina kumbukumbu ndefu ya watu kuhamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliifanya Olenguruone makazi ya familia za Wakikuyu, ikawawekea masharti ya kilimo na umiliki wa ardhi ambayo waliyakataa, na kufikia mwaka 1950 ilikuwa imewafukuza, wengi wakipelekwa Yatta. Katika nchi yenye historia ya namna hiyo, gari lililowabeba majirani wa kila kabila kwa hiari ya dereva wake ni kitu cha kutunzwa. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza, na ina uzito kuliko mapenzi yangu ya injini.

Biashara ya Peugeot ilidhoofika Nissan zilipochukua barabara. Sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, zikidai mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria, la mjomba lilikuwa tayari limechoka. Aliliegesha nyuma ya nyumba, chini ya misaipresi. Majani yakaota mpaka kwenye milango. Siku moja akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake.

"Mjomba, usiuze," nikamwambia. "Nipe mimi."

"Utalifanyia nini? Injini imekufa, mwanangu."

"Injini inapatikana. Bodi ya namna hii haitengenezwi tena."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukilichukua, litembee. Sitaki lihame kwangu liende kuwa nyumba ya kuku wako."

Nilikuwa na kila sababu ya kuiamini bodi hiyo. Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, na kufikia hapo 404, gari lililoitangulia, lilikuwa limeshinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 yalifika mwisho magari saba tu, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Lakini ni mwaka 1975 ulionifundisha zaidi. Lancia ilileta Stratos, gari fupi lenye umbo la kabari, likiwa na injini ya V6 iliyotoka Ferrari, gari lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya rali. Ove Andersson wa Sweden alikuja na 504 ya silinda nne, gari ambalo mwalimu mkuu wa shule angeweza kuwa nalo. Andersson alishinda. Stratos za Sandro Munari na Björn Waldegård zikafuata, ya pili na ya tatu.

Nimeifikiria sana orodha hiyo ya watatu. Kwa nguvu, 504 haikuwa na lolote la kuiambia Stratos. Ilichokuwa nacho ni springi zenye mwendo mrefu, magurudumu yanayofuata shimo mpaka chini na kurudi bila kuivunja bodi, na urahisi wa kutengenezwa kando ya njia. Ilijengwa na watu waliojua kwamba barabara nyingi duniani ni mbaya. Andersson mwenyewe baadaye aliiongoza timu ya Toyota barani Ulaya, iliyoshinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 kwa Celica yenye tabo. Kwa hiyo nilipowaza kuweka injini ya Toyota yenye tabo ndani ya bodi ya Peugeot, sikuona kwamba ninaozesha wageni. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuzijaribu pande zote mbili katika udongo wetu.

Halafu kuna Joginder Singh. Vijana wa huku kwetu Kuresoi wanapoambiwa kwamba magari ya mbio hutoka Ujerumani au Japani tu, hili lazima waambiwe pia. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, ng'ambo ya pili ya msitu huu wetu, na ufundi aliuanzia katika gereji ya babake. Mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: timu ya Volvo ilikuwa imeitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mtumba, lililoandaliwa na mikono ya fundi wa hapahapa, liliyapita magari ya viwanda. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Alifariki London mwaka 2013, na sijui kwa nini kila chuo cha ufundi kati ya Nakuru na Kericho hakina picha yake ukutani.

Mafundi wa mjini walinishauri ninunue injini kwanza, kwa kuwa injini ndiyo inayompa mtu hamu ya kuendelea. Nilikataa, na bado namkataza kila anayeniuliza. Mwenye injini mpya bandani hupata haraka ya kuisikia ikiunguruma, na haraka hiyo hula pesa za breki na za bodi. Tulianza na sakafu ya saruji, maana jeki ikiwekwa kwenye udongo wa Mau wakati wa masika huzama. Kisha tukasimamisha mhimili wa mabomba ya chuma wa kuning'inizia chenibloki, na nikanunua stendi nne imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana iliyodondoka. Fundi mmoja wa Molo alikufa hivyo nikiwa shuleni, na wanawe walikuwa darasani kwetu.

504 haina chasisi ya kutenganishwa na bodi. Bati lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Kutu ilikuwa imekula sakafu upande wa dereva, vizingiti vya milango, na pale shokamzoba za mbele zinaposhikia juu. Aliyelitibu ni kijana anayechomelea mageti sokoni. Alikuwa amezoea chuma kinene, na bati la gari ni jembamba, hutoboka mara moja ukiliwekea moto wa geti. Nilimpa mlango mbovu ajifunzie. Akaukatakata na kuuunga mpaka akapata mkono: anagusa kidogo, anaacha, anaruka sehemu nyingine, anarudi, ili joto lisije likakunja bati. Pale ambapo injini nzito ingekaa tuliongeza bamba jingine ndani. Umeme wetu hukatika mawingu yakikusanyika, kwa hiyo kuchomelea kulifanywa asubuhi, na alasiri tukapiga msasa.

Kazi ya kijana yule ukiitazama leo huwezi kuona alipoungia. Watu husifu injini kwa sababu inapiga kelele, lakini gari lile linasimama kwa sababu ya fundi wa mageti.

Rangi nayo ina mahali pake na msimu wake. Huku ukungu hushuka hata saa nane mchana, na rangi ikipulizwa kwenye unyevu hushika utando mweupe, haing'ai tena hata uisugue vipi. Tulingoja Januari, kukavu. Mjomba alishikilia kwamba liwe jeupe kama lilivyokuwa, na ndivyo lilivyo.

Kisha breki. Barabara ya kutoka Olenguruone kwenda Silibwet inateremka kuelekea Bomet, na katika baadhi ya miteremko yake utanusa breki za malori kabla hujayaona. Stesheni wagoni ya 504 ina diski mbele na ngoma nyuma, na kwa injini yake ya zamani zilitosha kabisa. Kwa nguvu mara tatu hazitoshi. Joto la breki hutokana na uzito na mwendo, na mwendo ukiongezeka maradufu, kazi ya breki huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haina huruma. Tuliweka diski pana zaidi mbele, diski nyuma, mabomba mapya kutoka mwanzo hadi mwisho, na mafuta mapya ya breki, kwa sababu yale ya zamani hunyonya maji ya hewani, na maji hayo huchemka mteremkoni pedali ikazama mpaka chini. Kabla injini haijakaa, jirani alilivuta gari kwa trekta hadi juu ya shamba lake la malisho, nikashuka nalo na kulisimamisha, tena na tena, mpaka nikaamini. Watoto wa shule walikaa juu ya ua wakishangilia kila liliposimama.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa nyuma, na hapa naomba msomaji asiye fundi avumilie kidogo. Katika magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela huzunguka wazi chini ya sakafu kutoka giaboksi hadi difu. Peugeot waliifunika ndani ya bomba nene la chuma, lililofungwa kwenye giaboksi upande mmoja na kwenye difu upande wa pili. Bomba hilo si pambo. Ndilo linaloizuia difu isijipindue gari linapoondoka, na ndilo linalopeleka msukumo wa magurudumu mbele. Ukitoa giaboksi ya Peugeot ukaweka ya Toyota, bomba halina pa kushika, na difu inabaki yatima. Niliwaona watu wakikata bomba, wakaweka propela ya wazi na kuiacha difu ijitegemee. Gari la namna hiyo hurukaruka nyuma ukikanyaga mafuta, na siku moja huvunja kiungo.

Tulichofanya ni kuondoa mhimili wote wa nyuma wa Peugeot na kuweka wa Toyota, tukabakiza springi za Peugeot, kisha tukaushika mhimili kwa mikono minne ya chuma: miwili ya kuzuia usiende mbele na nyuma, miwili ya juu ya kuuzuia usijipindue. Mkono mmoja mrefu wa kukingama ukauzuia usiyumbe kando. Kupima kulichukua muda mrefu kuliko kuchomelea. Ikiwa mkono wa kushoto umepishana na wa kulia hata kwa unene wa kidole, gari litakwenda mshazari maisha yake yote. Matundu ya rimu za Toyota hayalingani na ya Peugeot, kwa hiyo ilibidi fundi wa leithi wa Nakuru atuchongee habu za mbele, ili tairi moja la akiba lifae mbele na nyuma. Mtu anayeishi kilomita nyingi kutoka kwenye duka la vipuri hawezi kumudu gari lenye aina mbili za rimu.

Ndipo sasa nikaenda Nairobi kutafuta injini. Niliitaka 1JZ-GTE, ile ya Toyota Mark II na Chaser za miaka ya tisini: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita mbili na nusu, nguvu farasi 280 kwa tangazo la kiwanda. Magari hayo yamejaa nchini, na mafundi wanaolijua tumbo la injini hiyo hawakosekani. Hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko namba yoyote. Muuzaji wa kwanza alikuwa na injini iliyopakwa rangi ya fedha ikang'aa. Nilipoomba kupima mgandamizo wa silinda akasema kwake hakuna kupima. Nikatoka. Muuzaji wa pili alileta betri mwenyewe. Silinda zote sita zilitoa karibu kipimo kimoja, na ndiyo tuliyoifunga kwenye lori la viazi lililokuwa likirudi tupu.

Injini ya zamani ya 504 ina silinda nne, nayo hulala upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Hii ya Toyota husimama wima na ni ndefu. Rejeta ilisogezwa mbele, ukuta unaoitenga injini na miguu ya dereva ukakatwa na kuundwa upya, sampu ya oili ikachongwa ili isiguse mhimili wa mbele. Niliitunza feni ya zamani rafuni, kwa sababu naiheshimu: wahandisi wa Peugeot waliipa sumaku ya umeme, ikawa inaachana na injini yenyewe baridi ikizidi na kushikana tena joto likipanda. Watu waliofikiria hivyo miaka ya sitini walistahili kushinda Safari.

Kupoza injini huku juu si jambo la kubahatisha. Olenguruone maji huchemka karibu nyuzi 91, siyo 100. Kila mama anayepika githeri huku anajua inachukua muda, na sababu ni hiyohiyo. Katika gari maana yake ni kwamba kifuniko cha rejeta kisichoshika mgandamizo ni hatari zaidi hapa kuliko Nakuru mjini. Kifuniko ni kitu kidogo cha bei nafuu. Nimeona silinda hedi zilizopinda kwa sababu yake.

Na sasa turudi kwenye hewa. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, ikaisukumia injini hewa kwa nguvu. Kwa mtu wa Mau hiyo ndiyo dawa yenyewe: hewa ikiwa nyepesi, tabo huikusanya na kuishindilia. Ndiyo maana injini yenye tabo hupoteza huku kidogo kuliko isiyo nayo. Lakini vijana waliokuja bandani walitaka nikaze zaidi, niongeze msukumo mpaka nguvu zote za pwani zirudi na nyingine juu yake. Niliwaonyesha tabo yenyewe. Gurudumu linalopigwa na moshi, katika tabo za injini hii, si la chuma, ni la kauri. Toyota waliichagua kauri kwa kuwa ni nyepesi na huamka haraka. Ikisukumwa kupita kiwango cha kiwanda hupasuka. Na hewa ikiwa nyepesi, tabo tayari inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuijaza injini kwa kiasi kilekile, na hewa inayotoka huwa ya moto zaidi. Anayedai nguvu zote za Mombasa akiwa Olenguruone anazidai kutoka kwenye kile kijigurudumu cha kauri.

Niliiacha kwenye kiwango cha kiwanda, nikaweka kipoza hewa kikubwa mbele ya rejeta. 504 ya lita mbili yenye kabureta ilikuwa na nguvu farasi 93 kwenye karatasi, yaani kama 70 hivi kwetu. Injini hii ikitoa 230 hapa juu, kama ninavyokadiria, ni zaidi ya mara tatu. Hakuna kilima kati yetu na Nakuru kinachohitaji zaidi.

Waya zilishughulikiwa na fundi wa Molo ambaye huongea kidogo sana. Injini ilikuja na kompyuta yake na fungu la waya lililokatwa ovyo huko ilikotoka, na michoro iliyopatikana ilikuwa ya Kijapani. Alikataa kuunga waya hata moja kabla hajaijua kazi yake. Alizipima moja moja, akazibandika karatasi zilizoandikwa kwa Kiswahili: joto la maji, hewa, pampu, cheche ya tatu. Karatasi zile bado zipo, na fundi yeyote atakayefungua gari hilo baada yangu atazisoma bila kunitafuta. Ningependa kila gari lililojengwa nyumbani liwe na maandishi ya namna hiyo.

Lilipokuwa tayari, mjomba alikataa kuendesha. Alisema apewe kiti cha mbele cha abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika gari lake mwenyewe. Tulikwenda Keringet. Kuna kilima njiani alichokuwa akikipanda kwa gia ya kwanza, na tulikipita kwa gia ya tatu nikiwa sijakanyaga hata nusu. Alishika dashibodi kwa mkono mmoja, akatazama nje. "Hapa tulikuwa tunashusha watu," akasema. Alikuwa na furaha, na baada ya kimya kirefu akaanza kunitajia majina ya abiria, mmoja mmoja na mahali alipokuwa akishukia.

Gari lina mikanda ya usalama kwenye viti vyote, hata safu ya nyuma, na kizimamoto chini ya kiti cha dereva. Nilipobadilisha injini nilipitia ukaguzi na kuandikisha mabadiliko kwa NTSA, na kitabu cha usajili sasa kinaonyesha namba ya injini iliyomo. Watu wa bima nao walielezwa kila kitu. Naona watu wengi wakijenga magari mazuri kisha wakiyaendesha na karatasi za injini iliyokwisha kutupwa. Siku ya ajali, kazi yao yote na haki yao yote huanguka pamoja. Wala sipendi kusikia gari la nyumbani likishindanishwa barabarani. Sheria inamwekea mwenye gari dogo kikomo cha mwendo hata kwenye barabara kuu, na njia ya Molo ina watoto wa shule, punda wa maziwa na bodaboda. Anayetaka kujua gari lake linaweza nini, ziko autokrosi za kutosha nchini, zenye marshali, ambulansi na uwanja usio na mtoto anayevuka.

Tangu lianze kutembea, wamenijia wenye 504 kutoka Kiptagich, Elburgon na hata ng'ambo ya Bomet, wakiuliza kama lao linafaa. Wengi wanataka kuzungumza kuhusu injini. Mimi huwaomba twende tukalitazame chini. Na kwako wewe msomaji uliye na Peugeot kuukuu nyuma ya nyumba, ombi langu ni hilohilo: kabla hujamwita mwenye mizani ya chuma chakavu, mwite fundi wa kuchomelea. Mwambie apige nyundo taratibu chini ya sakafu, kwenye vizingiti, na pale shokamzoba za mbele zinaposhikia. Bati likilia kavu na nyundo isipopenya, usiuze.